Bushi za Kingipini: Jinsi ya Kuzibadili na Kuzitia Grisi Katika Motokaa za Zamani

Motokaa ya zamani ikitunzwa vema yaweza kwenda barabarani hata ikiwa na umri wa miaka 80 au zaidi. Chuma chake ni kinene, mashine yake ni rahisi kufahamika, na sehemu zake nyingi zaweza kufunguliwa kwa spana za kawaida. Lakini iko sehemu moja ambayo wenye magari ya namna hii huisahau mara nyingi, kwa kuwa imejificha nyuma ya gurudumu, nayo haipigi kelele mpaka imekwisha kuharibika. Sehemu hiyo ni kingipini, yaani pini nene ya chuma ambayo gurudumu la mbele hugeukia juu yake dereva azungushapo usukani, pamoja na bushi zake.

Katika somo hili tutaeleza kazi ya bushi hizo, dalili za kuchakaa kwake, namna ya kuzibadili, na namna ya kuzitia grisi ili zidumu. Msomaji asiye fundi asidhani kwamba somo hili halimhusu. Hata kama kazi yenyewe atampa fundi, ni vizuri ajue fundi anafanya nini, na aweze kutambua kazi iliyofanywa sawasawa na kazi iliyofanywa ovyo. Maisha yanayobebwa na gari hilo ni yake na ya jamaa zake.

MAGARI GANI YANA KINGIPINI?

Zamani karibu magari yote yalikuwa na kingipini. Mfano unaojulikana sana ni Austin Seven, motokaa ndogo iliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1922 hata mwaka 1939. Motokaa hii iliwawezesha watu wa mapato ya kadiri kuwa na gari lao wenyewe. Tena kampuni ya BMW ya Ujerumani ilipoingia katika kazi ya kuunda motokaa mwaka 1928, motokaa yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo Austin Seven, ikiundwa kwa ruhusa katika mji wa Eisenach. Mbele yake ina ekseli moja nzima, yaani mtaimbo wa chuma uliofuliwa, unaotoka gurudumu moja mpaka la pili. Malori mengi yameundwa kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo fundi aliyezoea malori hatakuwa mgeni katika kazi hii.

Magari mengine yalifuata njia nyingine. Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, inayojulikana sana katika Afrika ya Mashariki kwa sababu ya mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, ilikuwa na kingipini mpaka mwaka 1965. Baada ya hapo ikawekewa viungo vya mpira wa chuma. Morris Minor, iliyotokea mwaka 1948, ina pini zenye hesi juu na chini. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupata kitabu cha gari lako. Maelezo tutakayotoa hapa ni ya gari lenye ekseli nzima. Kanuni zake ni zile zile kwa magari mengine, lakini vipimo hutofautiana.

JINSI KIUNGO HIKI KILIVYOUNDWA

Tazama panda ya manati, ile ambayo watoto huwindia ndege. Sehemu inayobeba gurudumu, ambayo mafundi huiita stabu, ina umbo la panda iliyolazwa ubavu, yenye vidole viwili, kimoja juu na kimoja chini. Mwisho wa ekseli una jicho, yaani tundu kubwa lililosimama wima. Jicho hilo huingia katikati ya vidole viwili vya stabu. Kisha kingipini hupitishwa kutoka juu hata chini, ikipenya kidole cha juu, jicho la ekseli, na kidole cha chini.

Kingipini haizunguki ndani ya jicho la ekseli. Imebanwa humo na kabari ndogo ya chuma iitwayo kota, ambayo hupita ubavuni mwa jicho na kukazwa kwa nati. Kinachogeuka ni stabu. Ndiyo sababu bushi zimetiwa ndani ya vidole vya stabu, moja juu na moja chini. Bushi ni pete ndefu, kwa kawaida ya shaba nyeusi, ambayo ni laini kuliko chuma cha kingipini. Ulaini huo umekusudiwa. Bushi huliwa ili pini isiliwe, maana bei ya bushi ni ndogo na bei ya stabu ni kubwa.

Iko sehemu ya tatu. Uzito wa gari hushuka kutoka ekseli kwenda chini na kukilalia kidole cha chini cha stabu. Kama chuma kingekaa juu ya chuma, usukani ungekuwa mzito mno. Kwa hiyo baina ya jicho la ekseli na kidole cha chini huwekwa beringi bapa au washa ya shaba ya kubeba uzito. Na juu, baina ya jicho na kidole cha juu, huwekwa washa nyembamba za kujaza nafasi iliyobaki, ili stabu isipande na kushuka.

DALILI ZA KUCHAKAA

Bushi zikichakaa, dereva huona usukani unatetemeka gari lifikapo mwendo fulani, au gari linapopita juu ya shimo. Magurudumu ya mbele huanza kupiga huku na huku kwa nguvu, na mtetemo huo hauishi mpaka gari limepunguzwa mwendo. Mipira ya mbele huliwa upande mmoja au kwa mabaka. Gari halishiki njia, ila hutangatanga, na dereva hulazimika kulirudisha kila wakati.

Watu wengine husema nafasi iliyo katika bushi ni ndogo tu, haifai kusumbuliwa. Na tufanye hesabu. Tuseme vidole viwili vya stabu vimeachana kwa milimita 100, na kila bushi imeliwa kiasi cha kuacha nafasi ya robo ya milimita. Bushi ya juu yaweza kwenda upande mmoja, na ya chini upande wa pili. Jumla ni nusu ya milimita katika milimita 100. Gurudumu likiwa na milimita 350 kutoka katikati hata ukingoni, ukingo wake wa juu utacheza karibu milimita moja na robo tatu. Robo ya milimita imekuwa mara saba! Na gurudumu hilo ndilo linaloamua kama gari litabaki barabarani au litaingia mtaroni.

JINSI YA KUPIMA

Simamisha gari mahali palipo sawa na pagumu. Zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi vya mbao, kaza breki ya mkono, kisha inua mbele kwa jeki na uweke stendi imara chini ya ekseli. Usitegemee jeki peke yake, wala usipange mawe au matofali. Tofali hupasuka bila kutoa habari.

Shika gurudumu kwa mikono miwili, mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa. Vuta juu huku unasukuma chini, kisha kinyume chake. Kama gurudumu linacheza, usikimbilie kulaumu bushi. Yawezekana ni beringi za gurudumu zilizolegea. Mwambie mwenzako akanyage breki na kuishikilia, kisha tikisa tena. Kama mchezo umekoma, kosa liko katika beringi za gurudumu, maana breki imeunganisha gurudumu na stabu. Kama mchezo ungaliko, tazama baina ya stabu na ekseli kwa taa. Utaona vidole vya stabu vikisogea juu ya kingipini. Hapo bushi ndizo zenye kosa.

Sasa shika gurudumu kulia na kushoto na ulitikise. Mchezo unaoonekana hapa mara nyingi hutoka katika viungo vya fito za usukani au katika sanduku la usukani lenyewe. Andika yote uliyoyaona kabla ya kufungua kitu. Fundi aanzaye kufungua kabla ya kupima ni kama mganga atoaye dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

VITU VYA KUTAYARISHA

Nunua vifaa vya pande zote mbili: kingipini 2, bushi 4, beringi za kubeba uzito 2, kota 2 pamoja na nati zake, washa za kujaza nafasi za unene mbalimbali, na nipeli mpya za grisi. Usibadili upande mmoja ukaacha wa pili. Magurudumu mawili ya mbele hufanya kazi kama ng'ombe wawili katika nira moja. Mmoja akiwa mlegevu, mwenzake hawezi kulima mstari ulionyoka.

Utahitaji pia nyundo, mtaimbo mfupi wa shaba, jiliwa imara, maikromita, mafuta ya kulegeza kutu, mafuta ya taa ya kuoshea, na pini za kupasuka mpya. Na chombo kilicho muhimu kuliko vyote ni rima, yaani chuma chenye meno marefu cha kukwangua tundu mpaka lifikie kipimo chake kamili. Kama huna rima ya kipimo hicho, usikate tamaa. Zichukue stabu zako pamoja na kingipini mpya, ukazipeleke kwenye karakana yenye mashine, uwaambie wazitengeneze bushi kufuata pini hizo.

KUFUNGUA

Siku moja kabla ya kazi, tia mafuta ya kulegeza kutu juu ya kota na juu ya ncha zote mbili za kingipini. Kutu iliyokaa miaka 40 haitoki kwa dakika 5.

Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, kisha inua, weka stendi, utoe gurudumu. Toa dramu ya breki pamoja na beringi za gurudumu. Hapa pana jambo la kuangalia sana. Vitambaa vya breki vya magari ya zamani viliundwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa katika mapafu huleta maradhi mabaya ambayo hujitokeza baada ya miaka mingi. Usipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, ukitie kitambaa hicho katika mfuko uliofungwa, wala usikitumie tena.

Fungua bamba la breki na ulifunge kwa waya kwenye fremu, ili bomba au kebo ya breki isining'inie kwa uzito. Fungua fito za usukani kutoka mkono wa stabu. Panga kila kitu juu ya kitambaa safi kwa taratibu uliyokitoa, vya kulia upande wa kulia na vya kushoto upande wa kushoto. Washa za kujaza nafasi zihesabiwe na kuandikwa mahali zilipotoka.

Sasa legeza nati ya kota mpaka iwe sawa na ncha ya kota, kisha igonge kwa mtaimbo wa shaba. Nati ikiachwa hapo huzilinda hesi zisiharibike. Kota ikitoka, ondoa vifuniko vya juu na vya chini, kisha igonge kingipini itoke. Kama haitaki, usiongeze nyundo kubwa zaidi. Ongeza mafuta, ngoja, ujaribu tena. Au tumia mashine ya kusindika. Na usitie moto wa gesi katika ekseli. Chuma hicho kilifuliwa na kutiwa nguvu kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto usiopimwa waweza kukidhoofisha bila alama yo yote kuonekana nje.

KUTAZAMA KABLA YA KUTENGENEZA

Osha vitu vyote kwa mafuta ya taa na uvikaushe. Kingipini ya zamani ipime mahali ilipokuwa ndani ya jicho, kisha mahali ilipokuwa ndani ya bushi. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo itakayokuonyesha imeliwa kiasi gani. Ikiwa kuna alama za kutu au mifereji, pini hiyo imekwisha kazi yake. Kutia bushi mpya juu ya pini mbovu ni kutupa fedha.

Ingiza kingipini mpya ndani ya jicho la ekseli. Yapasa iingie kwa kukaza, isicheze hata kidogo. Kama inacheza, jicho lenyewe limeliwa, na bushi mpya hazitaponya ugonjwa huo. Usijaribu kujaza nafasi hiyo kwa kipande cha mkebe au kwa kuupigapiga ukingo wa jicho kwa nyundo. Kazi hiyo ni ya karakana, ambako jicho huweza kupanuliwa sawasawa na kutiwa pini ya kipimo kikubwa zaidi, au ekseli kubadilishwa.

Mwisho, itazame stabu mahali ambapo mkono wa gurudumu unaungana na panda. Hapo ndipo nguvu zote hupita. Safisha mpaka chuma king'ae, ukague kama kuna ufa, hata kama ni mwembamba kama unywele. Karakana kubwa zina dawa ya rangi inayopenya katika ufa na kuuonyesha. Stabu yenye ufa haichomelewi, hutupwa. Gurudumu likikatika njiani, dereva hana la kufanya.

KUTOA BUSHI KUUKUU NA KUTIA MPYA

Bushi kuukuu husukumwa nje kwa chuma cha mviringo chenye upana unaopungua kidogo kuliko upana wa nje wa bushi. Usiikwangue stabu ndani. Bushi ikitoka, safisha tundu pamoja na kinjia cha grisi kinachotoka kwenye nipeli. Mara nyingi utakuta kinjia hicho kimezibwa na grisi iliyokauka kama lami, na hapo utafahamu kwa nini bushi ziliharibika: grisi ilikuwa ikitiwa kila mara, lakini haikufika.

Bushi mpya ina tundu dogo ubavuni. Tundu hilo lazima likutane sawasawa na kinjia cha nipeli. Weka alama ya kalamu juu ya bushi na juu ya stabu kabla ya kuisukuma, kwa kuwa ikiisha kuingia haigeuki. Mafundi wengi wamefanya kazi nzuri ya siku nzima, kisha wakaipoteza kwa kusahau tundu hili dogo. Baada ya kutia bushi, pitisha waya mwembamba kutoka kwenye nipeli. Ukitokea ndani ya bushi, kazi ni njema.

Usiigonge bushi kwa nyundo moja kwa moja, maana mdomo wake utapinda. Iingize polepole kwa jiliwa, au kwa boliti ndefu yenye washa nene pande zote mbili, ukikaza nati kidogo kidogo. Hakikisha inaingia wima.

Bushi ikisindikwa ndani ya tundu lake, hujibana na upana wake wa ndani hupungua. Kwa hiyo kingipini haitaingia, au itaingia kwa shida. Hapo ndipo rima inapotumika. Rima iwe ndefu kiasi cha kuongozwa na bushi ya pili wakati inapokwangua ya kwanza, ili matundu mawili yawe katika mstari mmoja. Izungushe upande mmoja tu, upande wa kukata. Usiirudishe nyuma, hata wakati wa kuitoa, kwa sababu meno yake yatakwaruza. Ondoa kidogo, safisha, jaribu kwa pini, kisha endelea. Shaba iliyokwisha kuondolewa hairudi.

Kipimo kizuri ni hiki: kingipini iliyopakwa mafuta kidogo iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, igeuke bila kukwama, wala isicheze ikitikiswa. Ikiwa imelegea, umerudi ulikotoka. Ikiwa imekaza mno, usukani utakuwa mzito, na magurudumu hayatarudi yenyewe baada ya kona. Na hilo pia ni hatari. Usitumie msasa uliozungushiwa kijiti badala ya rima. Msasa hupanua midomo ya bushi na kuacha katikati, tena punje zake hung'ang'ania ndani ya shaba na kuila pini mpya kama tupa.

KUFUNGA

Osha vumbi lote la shaba. Paka grisi ndani ya bushi, juu ya pini na katika beringi ya uzito. Weka stabu mahali pake, beringi ikiwa chini ya jicho la ekseli, juu ya kidole cha chini. Kama beringi ina kifuniko, kwa kawaida kifuniko hukaa upande wa juu, ili maji na vumbi visiingie. Inua stabu kwa jeki ndogo mpaka beringi ibanwe, kisha pima nafasi iliyobaki juu ya jicho na uijaze kwa washa za unene unaofaa kama kitabu kisemavyo.

Kabla ya kuigonga pini, geuza kipako chake kielekee tundu la kota. Yaani ile sehemu iliyokatwa ubavuni iwe mkabala na kota. Kota iingie upande ule ule ilikotoka, kisha nati ikazwe. Sasa geuza stabu kwa mkono kutoka mwisho mmoja hata wa pili. Yapasa igeuke kwa ulaini ulio sawa njia nzima.

Rudisha bamba la breki, dramu, beringi na fito za usukani. Kila pini ya kupasuka iliyotolewa itupwe na iwekwe mpya. Rekebisha breki. Kisha pima mwelekeo wa magurudumu: nafasi baina ya magurudumu mawili upande wa mbele, na nafasi upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Kwa kawaida magari haya huhitaji mbele pawe pembamba kidogo kuliko nyuma, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone kama bomba la breki halivutwi na gurudumu haligusi kitu. Ndipo uliendeshe gari polepole mahali pasipo watu, ulirudishe, na ukaze tena nati za kota na za magurudumu.

KUTIA GRISI

Kazi yote tuliyoieleza inaweza kuahirishwa miaka mingi kwa bomba la grisi na nusu saa ya wakati. Vitabu vya magari ya miaka ya 1920 na 1930 huagiza grisi mara nyingi sana kuliko tulivyozoea siku hizi. Maili 500, yaani karibu kilomita 800, ni jambo la kawaida. Wenye gari linalotoka mara chache huhesabu miezi badala ya maili. Na gari likivuka mto au likipita katika tope la masika, litiwe grisi lifikapo nyumbani, kwa maana grisi mpya husukuma nje maji na mchanga.

Fuata taratibu hii. Kwanza, futa nipeli kwa kitambaa. Usipoifuta, utasukuma uchafu ndani ya bushi. Pili, inua ekseli mpaka magurudumu yaache ardhi. Gari likiwa limekaa chini, uzito wake hubana beringi na upande mmoja wa bushi, na grisi haipati njia. Tatu, piga bomba mpaka uone grisi mpya ikitokea juu na chini ya kila kidole. Mwenzako azungushe usukani kulia na kushoto, kisha piga tena. Nne, futa grisi iliyozidi, hasa iliyo karibu na breki.

Kama grisi inarudi kupitia mdomo wa bomba na haitokei ndani, nipeli imeziba. Ifungue, ioshe au uweke mpya. Kama bado haipiti, kinjia kimeziba, au bushi imetiwa bila tundu lake kukutana na kinjia. Na hapo hapana budi kufungua.

Tumia grisi ya kawaida ya chesisi, ya ugumu namba 2. Grisi za aina mbalimbali zisichanganywe ovyo, kwa kuwa nyingine zikikutana hulainika na kuvuja. Tena jua kwamba si kila gari hutaka grisi. Triumph Herald, iliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1959 hata mwaka 1971, viungo vyake vya chini vya usukani hutaka mafuta mazito ya gia. Watu wengi walivitia grisi wakidhani wanavisaidia. Grisi ikakauka ndani ya hesi, kiungo kikakwama na kukatika, na gurudumu likalala chini ya gari. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nipeli moja isiyotiwa grisi huua bushi. Bushi iliyokufa hula pini. Pini iliyolegea hupanua jicho la ekseli. Na ekseli ya gari la miaka 90 haipatikani katika kila duka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini bushi huundwa kwa shaba iliyo laini kuliko kingipini?
2. Utatofautishaje mchezo wa beringi za gurudumu na mchezo wa bushi?
3. Kwa nini haifai kupuliza vumbi la breki za zamani?
4. Ni jambo gani la kukumbuka kuhusu tundu dogo la bushi kabla ya kuisindika?
5. Kwa nini ekseli huinuliwa kabla ya kutia grisi?

Msomaji atakayeweza kumweleza jirani yake majibu ya maswali haya bila kutazama karatasi amelifahamu somo. Asiyeweza, na alisome tena akiwa amekaa kando ya gari lenyewe, akigusa kila sehemu kwa mkono wake.